Kisogo Changu Kwenye Tangazo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka shule, nikafuta vumbi kwenye chupa za fremu ya Dada Rehema, duka lake la vipodozi, kama kawaida. Kijana wa kampuni akaingia na maboksi ya mafuta mapya ya kuotesha nywele. Hakusalimia. Aliuliza tu Dada ana wafuasi wangapi. Kesho saa moja jioni maduka yote ya vipodozi na watu maarufu wanaowatumia waposti pamoja, kwa maneno yaleyale. Duka litakalofanya vizuri litapewa uwakala wa kuyauza Msimbazi yote.

Dada anautaka sana. Ndiye anayenisomesha. Namwombea aupate.

Kijana akasema posti bila picha za kabla na baada haiuzi. Dada akanigeuza, akanipiga picha kisogoni. Sikuuliza.

Jumanne, 5 Agosti

Posti zimetoka. Mwigizaji, mke wa mchezaji mpira, mchekeshaji. "Sikuamini mpaka nilipojaribu." Wote. Mchekeshaji ana upara. Upuuzi mtupu.

Halafu ya Dada. Kushoto kisogo changu, kimenyolewa kama shule inavyotaka. Kulia kisogo chake yeye na wigi refu. Baada ya wiki tatu, imeandikwa. Mafuta yamefika jana.

Nilimwomba aifute. Akasema hakuna anayeamini matangazo, watu wanajifurahisha tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kuna anayeamini.

Mama mmoja amekuja kutoka Buguruni na binti yake, rika langu, mtandio umekazwa kichwani. Nywele zilinyonyoka alipougua, hazijarudi. Shuleni wanamcheka. Nilipogeuka kupanga chupa, yule mama alinitazama kisogoni, akatazama simu yake.

"Si wewe huyu? Mbona zimerudi fupi, mwanangu?"

Dada akaniwahi. "Shule wamemnyoa tena, mama. Si unazijua sheria zao."

Uongo umekaa vizuri mno. Nauchukia. Binti alikuwa ananitazama kama mtu aliyepona ugonjwa wake. Mama alishashika chupa, amefungua pochi.

Nikasema, "Mama, hazikuwahi kuota. Ile picha ya pili ni wigi."

Yule mama akarudisha chupa mezani taratibu. Akamshika binti mkono, wakatoka. Hakututukana. Afadhali angetutukana.

"Umenivua nguo mbele ya mteja," Dada alisema.

Jumamosi, 9 Agosti

Dada ameifuta posti. Hakunieleza, nimeona mwenyewe.

Haijasaidia. Kampuni imeichukua picha, imeiweka kwenye ukurasa wake na inalipia isambae. Imefika hadi kwenye simu za wenzangu darasani. Watu wa kisasa, ofisi ina kiyoyozi, na kazi yao ni kumdanganya mgonjwa.

Dada alimpigia yule kijana mbele yangu. Akajibiwa kwamba picha sasa ni ya kampuni, na aangalie asiupoteze uwakala.

"Kisogo cha mdogo wangu ni cha kampuni?" Akakata simu.

Jumapili, 10 Agosti

Fremu imefungwa leo. Mtaa umetulia.

Dada amekaa kitandani tangu asubuhi. Chini ya tangazo lao ameandika: "Huyu ni mdogo wangu. Nywele hazikuota. Picha ya pili ni mimi, nimevaa wigi. Mama wa Buguruni, nisamehe."

Wakafuta. Akaandika tena. Wakafuta.

Nimempelekea chai. Ameipokea bila kunitazama, kidole kiko kwenye simu.

"Kaa hapa," akasema. "Naandika tena. Nisomee kabla sijatuma, nisije nikaruka neno."