Chupa Tatu Nilizozificha

Dada yangu Zuhura,

Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara nne. Nakaa, naandika mistari miwili, nainuka, nazunguka chumba, narudi. Ungekuwepo ungeniambia, "Tulia, Mwanaidi, unantia kiwewe." Siwezi kutulia. Nina neno nililopaswa kukwambia tangu miaka ya hamsini, na wewe umeshazikwa Ngazija. Basi naliandika wazi, alisome atakayelisoma.

Mama alipokufa alikuachia vitu viwili: kazi yake ya mafuta ya manukato, ya asumini na sandali, na mimi. Mafuta uliyatengeneza katika chumba cha juu, nyumbani kwetu hapa mjini, mtaa wa Malindi. Mimi ulinisuka, ulinifundisha Kurani, ulinilaza ubavuni mwako mpaka nikawa msichana mkubwa. Maharusi wa mtaani walikuwa wakija na vichupa vyao vya dawa vilivyooshwa, unawajazia. Halafu tajiri mmoja wa Mombasa akayanusa harusini, akataka makasha mazima, katika chupa mpya zenye vifuniko vya kuzungusha.

Wakati ule ule posa ilikuwa imeshafika, kutoka kwa mfanyabiashara wa kisiwa cha Ngazija. Baba alikuita ukumbini.

"Jambo lako hili likisimama," alisema, "nitamjibu kuwa bado. Lisiposimama, utaolewa."

Ulisema, "Naam, baba," ukapanda juu kuendelea na kazi. Mimi nilibaki kwenye ngazi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na sikuweza kufikiri nyumba ile bila wewe.

Chupa kumi na mbili za mfano zililetwa kwanza. Hukukubali kuchuma hata asumini moja ya kazi ile kabla hujazijaribu. Ulizijaza mafuta ya kawaida, ukazifunga wewe mwenyewe, ukaifunika kila moja kwa karatasi ya kukaushia wino. Ulizilaza ubavu juu ya dari, juani, kutwa nzima. Karatasi zikatoka safi. Nikapiga vigelegele.

"Bado," ulinikata. "Hazijatikiswa."

Ndipo uliponikabidhi kikapu nende nacho kwa bibi, kijijini Kiwengwa, kwa gari la shamba. Barabara ile ya mawe ilikuwa inatosha kumtoa mtu meno. "Ukifika, fungua karatasi moja moja, uangalie," uliniambia. "Mimi nna mafuta motoni, siwezi kuondoka. Ikivuja, n'ambie ilivyovuja."

Nilizifungua uani kwa bibi. Tisa zilikuwa kavu. Tatu karatasi zake zilikuwa zimelowa mafuta, na ukizigeuza unaona yanapotoka: kile kiduara cha mpira kilichogandishwa kiwandani ndani ya kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Nilichuchumaa pale, karatasi mkononi, na nilichokiona si chupa. Nilikuona wewe unapanda meli.

Nikazifuta zile tatu kwa upindo wa kanga. Nikazivika karatasi mpya za aina ile ile, nilizochana kwenye daftari la kukaushia wino ulilonipa. Zilizolowa nikazitia jikoni kwa bibi, zikaungua.

Niliporudi mjini ulikuwa unanisubiri mlangoni, mikono imejaa unga wa sandali.

"Enhe?"

"Kavu zote, dada."

Ulinikumbatia. Unakumbuka? Ulicheka mpaka machozi yakakutoka, na mimi nikacheka pamoja nawe.

Mzigo ulikwenda Mombasa ndani ya makasha yaliyopakiwa pamoja na hariri za yule tajiri. Barua yake ilipofika, baba aliisoma kwa sauti mbele yetu sote. Mafuta yalikuwa yamemwagika, hariri zimeharibika, na hataki tena kusikia jina la nyumba yetu. Baba hakukufokea. Aliuliza tu, "Ulizijaribu kweli, Zuhura?"

"Wallahi nilizijaribu, baba." Ukanigeukia. "Mwambie, Mwanaidi. Ulizifungua Kiwengwa?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili, nami nikaitupa.

"Nilizifungua. Zilikuwa kavu."

Ulinitazama kidogo. Nilidhani umenijua. Kisha ukateremsha macho, ukaitazama mikono yako. "Basi ni mimi," ulisema. "Mimi ndiye niliyezifunga vibaya."

Harusi yako ilifuata haraka. Nilikusindikiza mpaka bandarini, ukanivua ushungi kunibusu kipaji cha uso, na mimi nilikuwa baridi kama jiwe. Watu walidhani ni huzuni.

Kilichonichoma zaidi nilikuja kukielewa baadaye, nilipokuwa mtu mzima. Mimi nilidhani majaribio yale ni mtihani wa kufaulu. Wewe uliyafanya ili uione chupa inayovuja ikiwa ingali mikononi mwako. Lau ningekwambia, ungebadilisha vile viduara vya mpira, tu. Kazi ingesimama. Ungebaki.

Ijumaa alikuja mwanao Rukia kutoka Ngazija kunijua. Ana sauti yako. Tulikuwa tunakunywa kahawa, akaniambia, huku anacheka, "Mama mdogo, mama alikuwa na kituko. Hakuwa akifunga chupa. Hata ya mafuta ya taa anampa baba amfungie. Akisema yeye hana mkono wa kufunga."

Nikamwambia yote.

Hakulia. Aliuliza, "Ngapi zilivuja?"

"Tatu."

"Na mama hakujua mpaka anakufa?"

"Hakujua."

Aliiweka kahawa chini, akavaa buibui lake, akatoka. Leo siku ya tatu hajarudi, wala sijui kama atarudi. Kila nikisikia viatu nje ninainuka. Sitamtuma mtu kumbembeleza. Hasira zile ni haki yako, na yeye amezirithi.

Lakini hili moja nilitaka ulisikie kutoka kinywani mwangu, hata kama nimechelewa kiasi hiki. Mkono wako haukuwa na kosa, dada. Ulizifunga vizuri zote.

Mimi,
mdogo wako uliyemlea