Mama Aliyenizaa Ana Karatasi, Mama Aliyenilea Amefunga Sanduku

Mpendwa Tante Hortence, shangazi yetu wa kutushauri, naomba msaada, na ukitaka kunitukana nitukane tu, ila nisome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa majokofu hapa Paramaribo, Surinam, nina miaka arobaini na nne, nakaa mtaa wa Frimangron kwa Ma Leontine, ambaye hakunizaa lakini ndiye aliyenilea, maana mimi ni kweekje, mtoto wa kulelewa kama walivyo wengi hapa kwetu, hakuna hakimu wala muhuri, mama yangu mzazi, Gerda, alinizaa Rotterdam, akanileta huku sijaota meno yote, akamwambia Ma Leontine, "Nishikie kidogo," akaenda zake na hakurudi tena. Gerda ni Mholanzi, lakini baba yangu alikuwa Msurinam, na kwa sheria ya siku zile mtoto alifuata uraia wa baba, kwa hiyo mimi nilikosa ule wa Uholanzi, ila sasa nimesikia kwamba sisi tuliozaliwa hivyo tunaweza kuuomba uraia hapa hapa, ubalozini, bila hata kuhama.

Basi nikaenda. Dada wa dirishani akaniuliza, "Mama yako nani?" nami bila kufikiri nikamjibu, "Leontine." "Ni Mholanzi?" "Hapana, ni wa hapa hapa Frimangron." Akanitazama. "Sasa kaka, umekuja kuomba nini?" Ikabidi niseme basi si huyo, ni yule mwingine, watu kwenye foleni wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Jamaa anachagua mama kama anachagua samaki!" Tante, nilitamani ardhi ipasuke.

Nikampigia Gerda simu kumwomba karatasi zake, akaniambia, "Nitakupa, lakini uje unitunze, miguu yangu imekwisha. Mimi ndiye niliyekuzaa. Yule nilimpa akuchunge tu." Nami nikakubali, Tante, sikubishana hata kidogo, kwa sababu nimechoka, wenzangu wote wameshaondoka, vipuri havipatikani, na nikiugua hapa sijui nani ataniuguza.

Sasa Ma Leontine ni mzee sana, haoni vizuri, akili inakuja na kuondoka, na hana mtoto mwingine. Nilipomwambia nakwenda Uholanzi akafurahi, akaniuliza, "Tunakwenda lini, mwanangu?" nikakosa moyo, nikasema, "Karibuni, Ma." Tangu hapo amefunga sanduku, kila asubuhi anavaa kofia yake ya kanisani na kukaa barazani kungoja gari, jirani yetu Saminah akimletea supu ya saoto anakataa, anasema, "Nitakula kwenye ndege," na jana alijikojolea pale pale kitini kwa kuogopa kwamba akiingia ndani gari litakuja na kumwacha.

Nimwambie ukweli, au niondoke kimya kimya nimwache na Saminah? Akili yenyewe ile, nadhani hatakumbuka.

Lothar, Frimangron

*

Lothar,

Nimekusoma mpaka mwisho, na sikutukani, umeshajitukana mwenyewe. Kutaka maisha mazuri si dhambi, na kucheka kwa wale wa foleni kusikuumize, nusu yao wamelelewa kama wewe.

Lakini eti hatakumbuka! Mtu anayekaa kitini kutwa nzima na mkojo wake kwa ajili ya gari amekumbuka jambo moja vizuri sana, nalo ni neno lako. Ulimdanganya kwa kumwonea huruma, nakubali. Huruma ya namna hiyo inamnyima hata supu.

Tuanze na Gerda. Asikuuzie uraia kama muuza duka. Ulizaliwa Rotterdam, basi cheti chako cha kuzaliwa kiko kwenye ofisi ya jiji lile, kiombe mwenyewe. Uthibitisho kwamba yeye alikuwa Mholanzi ulipozaliwa, waulize ubalozini namna ya kuupata bila hisani yake, hutakuwa wa kwanza kukataliwa na mama. Ukiulizwa tena jina la mama, taja Gerda bila aibu, hilo ni la karatasi na halimpunguzii Leontine kitu. Ukishapata uraia usilale, fanya pasipoti upya kila inapokaribia kuisha, maana wako watu hapa mjini walioizembea miaka mingi, uraia ukawaponyoka.

Na Gerda mwambie kwa adabu kwamba huendi kumuuguza. Miguu yake inanisikitisha, kweli, lakini kule wapo watu wanaolipwa kutunza wagonjwa, awaite. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na aliyeifanya kazi hiyo yuko barazani kwako na njaa.

Leo ukitoka kazini, kabla hujavua viatu, mwambie: "Ma, hatuendi. Nilikudanganya." Atalia, pengine atakupiga, mwache akupige. Kisha mwogeshe, mbadilishe nguo, umlishe kwa mkono wako. Kesho atakuwa amesahau na atavaa kofia tena, nawe utamwambia tena, kwa upole ule ule, hata kama itabidi kila asubuhi. Saminah mwombe akushikie mchana tu, tena umshukuru, si umtupie mzigo kama ulivyotupwa wewe.

Hilo la kuondoka kimya kimya sitaki hata kulisikia. Wala usiniandikie kuniuliza ungoje mpaka lini. Najua unawaza siku atakayokufa Ma Leontine, unaihesabu, kisha unajichukia, na hilo ndilo linalokutesa kuliko ubalozi na Gerda wote wawili. Siku hiyo itakuja, Lothar. Ikukute nyumbani.

Tante Hortence