Ufunguo uko kiatuni

Mwenzangu, usinipigie, soma tu. Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Ile pikapu aliyotuazima baba mkwe, si alinipa na chupa ya mafuta ya breki nimpelekee fundi? Sikwenda!

Leo nimeirudisha. Kaniuliza, "Mwanangu, breki zimeshughulikiwa?" Ndiyo, baba. Kauliza tena. Ndiyo, baba. Mara ya tatu, mbele ya ukoo mzima, NIKAAPA.

Akageuka: "Haya, wajukuu pandeni nyuma, tunateremka mtoni."

Na ule mteremko unaujua!

Nikachomoa ufunguo, nikautumbukiza kiatuni, nikachechemea hadi huku. Sasa nyumba nzima wanautafuta. Makochi yamepinduliwa, watoto wanalia, mama mkwe kaingia hadi uvunguni mwa gari.

Nitatokaje humu? Niambie, nitatokaje?

Ngoja. Baba mkwe anagonga.

Mwenzangu! Hata hakuulizia ufunguo. Kasema taratibu, "Nilipokuwa nautafuta chini ya kiti nimeikuta ile chupa. Haijafunguliwa."

Kisha akaongeza:

"Watoto nimewaambia gari limegoma. Nimekuwekea ndala hapa mlangoni, mwanangu. Hicho kiatu kitakuchubua."