Mbingu Nyekundu ya Kilima Chetu

Baba Njeri mpendwa,

Barua hii sitaitia posta. Zinazofika huko kizuizini zinafunguliwa, na haya ninayokuambia hayafai kusomwa na mtu mwingine.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipaka rangi picha za nyeusi na nyeupe pale studio ya Thika? Pamba umeizungusha kwenye kijiti, ulimi umeutoa pembeni kama mtoto. Mteja akileta picha yake ulimwuliza kwanza, "Nguo ilikuwa rangi gani?" Ndipo ulipopaka. Nami nikakutania, "Na kilima je, utamwuliza nani?" Ukacheka, "Kilima hakina ubishi. Nakivalisha nipendavyo."

Basi ukakivalisha chetu cha Ruiru. Ulikipiga picha wiki ile tuliyofukuzwa na serikali ya Wazungu, nyumba zimeshachomwa, hakuna hata jani. Wewe ukapaka migomba ya kijani mpaka mtoni, na juu ukaweka mbingu nyekundu. Haiya, si nilikuambia nyekundu imezidi! Ukasema, "Wacha, Mama Njeri. Bila hiyo, kijani hakionekani vizuri." Nakala moja ukaniletea hapa Kamenu tulikohamia, nyingine ukaiweka dirishani mwa studio.

Homgadi, hao walinzi wa serikali, wakaiona. "Mbingu ya wapi hii? Unawapa watu wa msituni ishara gani?" Ukawaeleza ni urembo tu. Nani alikusikiliza? Wakakupandisha lori nikiona, rangi bado iko kwenye kucha zako.

Leo asubuhi wameingia Kamenu, nyumba kwa nyumba. Niliwasikia kwa jirani wakimwaga unga. Na picha iko ukutani, juu ya kitanda cha Njeri. Ngai! Kuichoma sikuweza, moshi ungeonekana, tena hatuna picha nyingine ya kwetu. Nikashika pamba yako na tapentaini, yale mafuta yako ya kutoa rangi, nikaifuta mbingu huku nikiomba. Nyekundu ikatoka yote, ikabaki kijivu.

Nikaanza kufuta na migomba, nani ajuaye watakachouliza. Pamba ilipopita pakatokea majivu, na nguzo moja ya mlango wetu. Hapo mkono ukakataa.

Wakaingia. Mmoja akaitazama sana.

"Hapa ni wapi?"

"Ni kwetu."

"Mbona mbingu imekufa hivi?"

Nikasema mvua inakuja. Akageuza godoro, wakaenda zao. Chumba kizima kilinuka tapentaini, na mpaka sasa naogopa watakumbuka ile harufu warudi.

Lakini naogopa zaidi kwa ajili yako. Nasikia wengine hawarudi. Njeri ameuliza ni nani ameharibu picha ya baba, nikamwambia baba atakuja kuimalizia. Usinifanye mwongo, tafadhali. Rangi zako nimezificha chini ya kuni. Rudi uipake hiyo mbingu, na ukitaka nyekundu, weka nyekundu. Sitabishana nawe tena.

Ni mimi wako, mwenye hofu,
Mama Njeri