Faini ya Vyumba vya Majengo

Majengo, Meru
5 Februari 2025

Kwako Mutwiri,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Mkeo Gacheri anaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele.

Funguo nilizipata juzi. Vyumba umejenga vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mkataba ulisema umalize tarehe thelathini na moja Desemba, na kila siku ya kuchelewa ni elfu moja. Zimepita thelathini na nne. Wapangaji wawili waliokuwa wameshalipa walidai pesa zao wakaenda. Nitakata elfu thelathini na nne kwenye malipo yako ya mwisho.

Dada yako,
Mwanahawa

Mitunguu
11 Februari

Dada Kinya,

Msikitini wanakuita Mwanahawa, kwangu wewe ni Kinya. Habari za huko? Sisi tuko, ila Gacheri bado hali chakula vizuri. Januari nililala naye hospitalini Embu siku kumi na nane, mimi kwa benchi. Ulijua.

Na kama ni mkataba, soma pale chini. Pesa za mabati ulipaswa kunipa tarehe kumi na tano Novemba. Ulinipa ishirini Desemba. Hapo pia imeandikwa elfu moja kila siku, na ni siku thelathini na tano. Kwa hivyo uniongezee elfu moja, tumalizane.

Ndugu yako,
Mutwiri

Majengo
16 Februari

Kwako Mutwiri,

Mpe Gacheri pole. Nimempelekea Sheikh mkataba. Amesema faini ya kazi iliyochelewa inafaa kama hasara ni ya kweli, na siku za ugonjwa zitolewe. Zimebaki kumi na sita. Lakini faini ya pesa zilizochelewa ni riba. Siwezi kuilipa. Nimekata elfu kumi na sita, zingine nimekutumia.

Dada yako,
Mwanahawa

Mitunguu
2 Machi

Kinya,

Natumaini u mzima. Ijumaa nilikuja Majengo, sikupita kwako. Nilienda kwa Sheikh, nikidhani sheria yenu inabeba upande mmoja. Alinipa chai. Akasema, "Riba ni riba. Lakini mwenye uwezo akichelewesha haki ya mtu, anadhulumu. Na kama fundi alicheleweshwa na mwenye nyumba, faini hakuna." Kisha akaniuliza, "Novemba, Mwanahawa alikuwa na pesa?"

Ile friji ya duka lako uliinunua Novemba. Mimi ndiye nilisaidia kuishusha.

Nikamwambia hukuwa nazo. Sikutaka uaibike mbele ya watu wako.

Elfu kumi na sita kaa nazo. Gacheri alikuwa arudi Embu kwa daktari wiki ile uliyozikata. Hatukuenda.

Mutwiri

Mitunguu
9 Aprili

Ndugu yangu,

Sijui nikuulize hali vipi. Habari za Gacheri nilizipata sokoni kwa mwanamke wa ndizi, siku nane baada ya kumzika.

Sheikh nimemwambia ukweli. Akasema, "Hilo mimi siwezi kukusamehe. Ni haki ya ndugu yako." Zile elfu kumi na sita nimetuma mara tatu, mara tatu umezirudisha.

Leo nimekuja mwenyewe, nikakuta kufuli mlangoni. Jirani yako Lenah anasema unajenga huko Embu, hukusema wapi. Naandikia hapa kwake. Ataiweka barua, lakini haahidi kama utarudi.

Ameniuliza mimi ni nani kwako. Nimemwambia uliwahi kunijengea.

Dada yako,
Kinya