Basi la Jumapili

Marangu, 4 Mei 2025

Kaka Elias,

Shikamoo. Habari za huko, na kazi inaendaje? Sisi huku wazima. Kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zipungue, anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri.

Nina habari ambayo sikutaka kukupa kwa simu, maana kwa simu huwa tunakatizana. Unamkumbuka mzee Bruno, yule Mwitaliano aliyezidiwa juu ya Kibo mwaka juzi, nikamteremsha mwenyewe mpaka kambi ya Horombo? Yeye na mkewe Carla wamenialika kwao mwezi wa tisa. Tutatembea kwa miguu wiki mbili, kijiji hadi kijiji, kwenye milima yao. Barua ya mwaliko ninayo tayari.

Hawana gari, mzee macho yamechoka. Itakuwa treni na mabasi. Wao ni watu wa mjini, na hicho kijiji cha kuanzia, Ronco Alto, wameazimwa nyumba tu, hawajawahi kufika. Wanapenda ramani za karatasi, lakini ratiba za kwenye mtandao zinawashinda. Nikawaambia nina kaka Dubai, anashinda na wasafiri na hakuna safari inayomshinda. Wamefurahi sana. Utanipangia?

Mdogo wako,
Irene


Dubai, 21 Mei 2025

Mdogo wangu Irene,

Marahaba. Mimi mzima, joto ndilo limeanza. Mwambie Mama ninakula.

Barua yako niliipata siku ile ile uliyoituma. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Hongera. Nimefikiri sana. Mimi nilikaa mlimani miaka tisa. Nimebeba mahema, meza, mitungi ya gesi, hata choo cha wageni nimekibeba mgongoni. Wangapi walinikumbatia pale getini wakasema watanikaribisha kwao? Sijaona barua hata moja. Wewe una misimu minne tu. Sisemi kwa ubaya, nakueleza hali ilivyo.

Halafu, nani atabaki na Mama? Septemba wageni ni wengi, na kampuni yako haitakungoja. Wazee nao ni wepesi wa kuahidi, usije ukafika ukakuta mlango umefungwa.

Nassir, yule Mkenya wa Malindi ninayekaa naye chumba hapa Al Mankhool, nilimsomea barua yako. Akanitazama, akasema, "Bwana, habari njema hizi, mbona umekunja uso?" Nikamwambia nimechoka tu.

Kaka yako,
Elias


Marangu, 2 Juni 2025

Kaka Elias,

Shikamoo. Natumaini uchovu umepungua. Huku wazima.

Mama atakaa na shangazi Fridah. Kazini nimepewa ruhusa. Viza nimepata miadi.

Kaka, kama hutaki niende, niambie wazi. Kila ninachokijua cha mlimani nilikijua kwako. Ulinifundisha kufunga mzigo kabla sijajua kusuka nywele. Nilipokuambia habari hii nilidhani utafurahi kuliko mimi mwenyewe. Nisaidie ratiba tu, mengine nitayabeba.

Mdogo wako,
Irene


Dubai, 30 Julai 2025

Mdogo wangu Irene,

Marahaba. Nimefurahi kusikia viza imetoka. Mama apone mafua. Hapa joto limezidi, kutoka kituo cha metro mpaka mlango wa hoteli shati limeshaloa.

Safari yako nimeshaipanga. Msimamizi wetu Ubeid aliniruhusu kutumia kompyuta ya mapokezi saa za mapumziko, nimeifanyia kazi wiki tatu. Utashuka Milano Jumapili tarehe saba Septemba mchana. Panda treni ya Domodossola. Mbele ya stesheni kuna basi dogo la kukufikisha mdomoni mwa bonde. Hapo utashuka, ungoje basi la pili la kupanda Ronco Alto, kilomita tisa. La mwisho linaondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Nimekuwekea picha ya ratiba yake.

Baada ya hapo mtatembea siku mbili hadi kijiji cha kanisa la mawe, mtashuka kwa gari la kamba linaloning'inia angani, mtapanda basi la posta kuingia bonde la pili. Siku za mvua nimeweka njia ya chini. Yote yamo kwenye karatasi niliyoambatisha. Mtumie na mzee Bruno nakala, akungoje kituoni.

Nimezitazama picha za vijiji hivyo mpaka nimevijua. Nyumba za mawe, maua madirishani, ng'ombe wana kengele. Ningeweza kutembea huko bila ramani.

Kaka yako,
Elias


Uwanja wa ndege Dubai, 7 Septemba 2025, alfajiri

Kaka, shikamoo. Nimefika. Nakaa hapa kwa saa tano, ila siwezi kutoka nje. Najua hoteli yako iko hapo Garhoud, karibu tu. Mzee Bruno ameisifu ratiba, anasema hata mwanawe asingeipanga hivyo. Ukipata nafasi nipigie, nisikie sauti yako kabla ya kupanda. Simu yangu inashika mtandao wa hapa uwanjani tu, nikishuka Milano sijui.

Irene, mdogo wako


Dubai, 7 Septemba 2025, jioni

Irene, usiondoke Milano leo. Lala hapo, uende kesho asubuhi. Basi la pili Jumapili halipo, nimegundua sasa hivi. Jibu tafadhali.

Kaka


Dubai, 10 Septemba 2025

Irene, nimepiga mara nyingi. Shangazi Fridah naye hana habari zako. Andika neno moja tu, nijue uko salama.

Kaka Elias


Ronco Alto, 14 Septemba 2025

Kaka Elias,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama nimemwandikia jana.

Ujumbe wako niliusoma Jumanne. Jumapili ile nilishuka kwenye basi la kwanza kama ulivyoandika, mvua inanyesha. Nilikaa kituoni mpaka saa ikapita. Mama mmoja aliyekuwa anafunga dirisha lake aliniona, akatoka na mwavuli, akanionyesha ubao wa ratiba. Akaweka kidole kwenye alama ya nyundo mbili zilizopishana, kisha chini kabisa penye maelezo yake. Maana yake ni siku za kazi tu. Akatikisa kichwa, akasema, "Domani." Kesho.

Sikutaka wazee wakeshe na wasiwasi. Nikafunga mzigo, nikaanza kupanda kwa miguu. Wewe unajua kilomita tisa si kitu kwangu.

Kwenye kilomita ya saba nikamkuta mzee Bruno amekaa ukingoni mwa barabara, amelowa, midomo imebadilika rangi. Alikuwa amesimama kituoni kwao na karatasi yako mkononi. Basi halikuja, akadhani nimepotea, akateremka kunitafuta na macho yale. Aliteleza, mguu ukavunjika juu ya kifundo. Aliponiona alisema jina langu, akaanza kulia. Niliufunga mguu na fimbo zangu za kutembelea, nikambeba mgongoni mpaka nyumba ya kwanza. Alikuwa anatetemeka mpaka na mimi natetemeka.

Amelazwa Domodossola. Kila asubuhi nashuka na Carla kwa basi, jioni tunarudi. Milima ninaiona dirishani.

Sasa nakuuliza. Picha uliyonituma inaishia kwenye saa. Chini haina kitu. Nimeifungua mara nyingi. Ratiba ya kwenye ubao ina mistari miwili zaidi, na maelezo ya zile nyundo yako hapo. Je, ulijua?

Irene


Dubai, 15 Septemba 2025

Irene,

Sitauliza habari za afya. Nilijua.

Nilijua tangu Julai. Ile picha niliikata kwa mkono wangu, nikaitazama, nikaituma. Niliposema nimegundua Jumapili ile, huo nao ulikuwa uongo.

Nilijiambia utalowa kidogo, utalala kwenye benchi, siku yako ya kwanza iharibike, basi. Mzee sikumfikiria kabisa. Asubuhi ile ujumbe wako uliingia nikiwa mlangoni mwa hoteli, nabeba mabegi ya wageni wanaokwenda Roma. Kutoka pale ndege zinapita juu ya kichwa changu. Niliusoma nikarudisha simu mfukoni. Mchana kucha nilikuwa nahesabu uko wapi. Jioni moyo ukanishinda, nikaandika, na bado nikaandika uongo.

Kila mtu nyumbani anadhani mimi ndiye niliyefanikiwa. Nilitoka mlimani kubeba mizigo, nikaja huku kubeba mizigo. Kila siku naitia ndani ya gari safari ya mtu mwingine. Ilipofika zamu ya wewe kuitwa, tena kwa kazi niliyokufundisha, sikuweza kufurahi. Nassir aliniuliza kama nina wivu na mdogo wangu. Nilimtukana.

Nisamehe. Nipigie, hata kunitukana. Nitamwandikia mzee mwenyewe ukinipa ruhusa.

Kaka yako,
Elias


Marangu, 12 Oktoba 2025

Elias,

Nimerudi tangu tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita. Nilipita Dubai, nikakaa kwa saa nne. Sikukuandikia.

Mama hajambo. Hajui kitu.

Mzee Bruno anatembelea magongo. Aliniuliza mara moja tu ilikuwaje na lile basi. Nikamwambia tulikosea kusoma ratiba, mimi na kaka yangu. Nimekufichia mara hiyo moja na sitarudia. Usimwandikie.

Ulipokwenda Dubai nilikuwa na miaka ishirini. Kila nyumba ni Elias, Elias. Nilikuonea wivu mpaka simu yako ikiita natoka nje. Ulipohitaji vyeti vyako haraka, ile wiki ya viza, ni mimi niliyepewa bahasha niipeleke Moshi. Nilikaa nayo stendi ya Himo muda mrefu, nikaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kusema imepotea. Kisha gari likaja, nikapanda, nikaipeleka. Kwa hiyo usinieleze wivu ulivyo. Naujua.

Carla amenialika tena mwakani, mguu wa mzee ukishapona. Nimekubali. Ratiba nitaipanga mwenyewe.

Umeomba nikupigie. Siwezi. Kumjulia hali Mama, piga kwa shangazi Fridah. Siku nitakayoweza nitakuandikia, na sijui ni lini.

Irene