Firigisi ya Mzee Josefu

Jumanne, 14 Machi 1995. Manyunyu na baridi tangu alfajiri.

Somo la leo lilihusu wana wa Eli, makuhani waliojichotea nyama ya sadaka kabla Mungu hajapata sehemu yake. Nikadhani hayo ni mambo ya kale.

Jioni maombi yalikuwa hapa kwangu Amalemba. Nilichinja kuku, na firigisi, kipande cha heshima, nikampakulia pasta kwa kuwa ndiye mgeni. Mzee Josefu, kiongozi wetu wa kanisa, aligeuza vipande sahanini mwake, akachungulia, akageuza tena.

"Mama Ruthu, kuku wako alizaliwa bila firigisi?"

"Iko kwa pasta, mzee."

"Na mimi ni nani hapa? Marehemu bwana yako angekuwepo, ungenifanyia hivi?"

Pasta, mtumishi mwaminifu, aliimeza nzima.

Kisha Mzee Josefu akafunga kwa sala ya unyenyekevu, ndefu kweli. Mlangoni akaninong'oneza, "Asiyejua kupakulia wazee ataongozaje akina mama?"

Jumapili yeye ndiye atakayetangaza kama nitakuwa kiongozi wa akina mama. Kazi hiyo naitaka. Nisijidanganye, naitaka sana, na naogopa ataninyima.

Nimewaza kumpelekea kesho kuku mwingine, firigisi ikikaa juu kama taji. Halafu kila mwaka nimpelekee mwingine... Hapana. Akininyima, asimame mbele ya waumini awaeleze akina mama sababu, kwa sauti, bila kuruka neno.

Ningependa kuisikia hiyo.

Nazima taa saa tano na robo.